Joto la Kale na Hatia ya Leo

Mtu akishitakiwa kwa tendo baya, udhuru wa kwanza kumjia mdomoni aghalabu ni kwamba hakuwa yeye wa kwanza kulitenda. Mtoto husema hivyo mbele ya mama yake, mfanyabiashara husema hivyo mbele ya hakimu, na mataifa husema hivyo mbele ya mataifa. Siku hizi udhuru huo umepata kesi kubwa kuliko zote ulizopata kutumiwa. Dunia inazidi joto, bahari inazidi joto pamoja nayo, na maji yake yanageuka tabia kwa sababu ya hewa ya ukaa itokayo katika viwanda, magari na majiko ya wanadamu. Watu wenye kupima hawalikanushi tena jambo hili. Lakini katika baraza la kahawa la Gerezani, kama katika kumbi za wakubwa wa nchi za kaskazini, husikika mtu akisema: dunia ilipata kuwa na joto kupita hili kabla ya kuzaliwa Adamu, bahari ilipata kuchacha kabla ya tanuri la kwanza la mkaa kuwashwa, basi kwa nini binadamu alaumiwe kwa jambo ambalo maumbile yenyewe yalilitenda?

Kauli hii yastahili jibu la heshima, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Uongo mtupu hukanushwa kwa neno moja. Kweli iliyotumiwa vibaya hutaka kazi kubwa zaidi: kwanza ikubaliwe ilivyo, halafu iulizwe imeletwa barazani kwa kazi gani.

Ushahidi wa kweli hiyo haukutoka mbali. Kusini ya Dar es Salaam, katika pwani ya Kilwa na Lindi, kuna udongo wa mfinyanzi uliotua katika sakafu ya bahari zamani, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya maji. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa Tanzania na wa ng'ambo, miongoni mwao Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, waliitoboa ardhi hiyo kwa mitambo na kutoa udongo wake katika vipande virefu vya mviringo, mfano wa miwa. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo waitwao foraminifera, ambao wengi wao hawaipiti punje ya mchanga kwa ukubwa. Mahali pengi duniani magamba ya umri huo yameharibika kwa kukaa muda mrefu. Chokaa mpya imejijaza juu ya ile ya asili, hata yakawa kama barua iliyoandikwa juu ya barua nyingine. Yale ya Kilwa yalifunikwa na udongo usiopenyeza maji, kwa hiyo yamebaki maangavu kama kioo. Mwenye ujuzi akipima uwiano wa aina za oksijeni iliyomo katika gamba moja, hulijua joto la maji aliyoishi kiumbe yule.

Baadhi ya vipande hivyo vimehifadhi habari za miaka milioni 56 iliyopita, katika mpaka wa zama ziitwazo Paleosini na Eosini. Wakati ule ukaa mwingi mno, maelfu ya mabilioni ya tani, uliingia hewani na baharini. Ulikotoka hubishaniwa. Volkano za Atlantiki ya kaskazini zina sehemu yake, na yamkini gesi iliyokuwa imeganda chini ya bahari ilifunguka ikaongeza sehemu nyingine. Joto la dunia lilipanda kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Utafiti wa udongo wa Kilwa uliotangazwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba maji ya juu ya bahari hiyo, ambayo tangu hapo yalikuwa ya moto, yaliongezeka kwa zaidi ya nyuzi 3, na huenda yalipita nyuzi 40. Katika sehemu kubwa ya kipande chenye habari za joto lile magamba ya viumbe waeleao hayaonekani kabisa. Mabaki ya mimea yaliyoletwa na mito kutoka nchi kavu nayo yanadokeza ukame uliokatizwa na mvua za ghafla zenye nguvu nyingi. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye ameona bonde la Jangwani likifurika baada ya miezi ya vumbi hatapata taabu kuitambua picha hiyo.

Bahari ya kina kirefu ina ushahidi wake. Mwaka 2003 meli ya utafiti ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya kusini, mbali na pwani ya Namibia, ikakuta matope meupe ya chokaa yamekatwa ghafla na tabaka la udongo mwekundu usiokuwa na chokaa. Magamba yaliyokuwa yakidondoka humo kama mvua isiyokoma yaliyeyuka kabla ya kulundikana. Kati ya aina za foraminifera waliokaa chini kabisa, ambao walikuwa wamepita salama hata msiba ulioangamiza dinosauri, baina ya thuluthi na nusu walitoweka wasirudi tena.

Mpishi hahitaji maabara ili alielewe jambo hili. Ganda la yai likitiwa katika siki hutoa mapovu, hulainika, na baada ya siku moja au mbili hubaki utando tu. Ganda la yai, gamba la chaza, simbi iuzwayo Kariakoo kwa mapambo na dawa, tumbawe, na chokaa ya kutia katika tambuu, vyote asili yake ni kitu kimoja. Hewa ya ukaa ikiyeyuka majini hufanya asidi dhaifu, na asidi hiyo humnyima kiumbe wa baharini zile chembe anazohitaji kujengea nyumba yake. Yafaa kusemwa hapa, kwa kuwa maneno ya kutisha hupita upesi kuliko ya kweli, kwamba bahari haikugeuka siki wakati ule wala haielekei kugeuka siki sasa. Katika kipimo ambacho 7 ndiyo katikati baina ya uchachu na umagadi, maji ya juu ya bahari yamepungua kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu viwanda vilipoanza. Yanaonekana machache, lakini kipimo hicho kina hesabu yake, na upungufu huo maana yake ni chembe za uchachu kuzidi kwa kadiri ya asilimia 30. Tumbawe huzijua hesabu hizo kuliko msomaji.

Tena chokaa ina safari nyingine ambayo watu wa Kariakoo huiona kila siku wasiitambue. Maghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba za Kiswahili katika mitaa ile yamejengwa kwa saruji, na tangu mwaka 1966 saruji imekuwa ikitengenezwa Wazo, kaskazini ya mji, kwa kuchoma mawe ya chokaa yaliyotokana na bahari ya kale. Jiwe la chokaa likichomwa huachilia hewa ya ukaa ambayo viumbe wa baharini waliifunga kwa muda usiohesabika. Ghorofa likipanda, kazi ya viumbe hao hufumuliwa kwa kiasi chake.

Hizo ndizo habari zenyewe. Sasa latakiwa shauri. Mwenye kulileta joto la kale barazani hulileta kama wakili, alitetee joto jipya. Lakini likihojiwa lenyewe halitoi neno la utetezi. Lasema kama shahidi: ilikuwa hivi, wakafa hawa, ikachukua muda huu. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai, mwaka 2021, na watu wengi walipoteza mali ya maisha yao. Hapana aliyesimama mbele ya moto ule akasema kwamba masoko ya miji mingine yalipata kuungua, basi wazima moto na wakae. Kumbukumbu ya moto wa zamani humfanya mwenye akili akiogope kibiriti zaidi kuliko yule asiyepata kusikia habari zake.

Yafaa pia kutenga tukio na tendo. Mvua ikiubomoa ukuta wa jirani, huo ni msiba. Mtu akiuelekeza mfereji wake kwenye ukuta ule, akaambiwa, akaendelea, hiyo ni dhuluma, ingawa ukuta umeanguka vile vile na matofali ni yale yale. Tofauti imo katika kujua na katika uwezo wa kuacha. Volkano za Atlantiki hazikuambiwa neno. Binadamu aliambiwa mapema: mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikadiria kwa hesabu ya mkono jinsi hewa ya ukaa iwezavyo kuongeza joto la dunia, na tangu mwaka 1958 hewa hiyo imepimwa mwaka hata mwaka juu ya mlima wa Mauna Loa huko Hawaii. Katika mwaka wa kwanza ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Mtu aliyesoma hesabu hizo hawezi kujifananisha na mlima wa moto bila kujidharau.

Hata mwendo wenyewe haulingani. Katika joto lile la kale ukaa uliingia hewani kwa maelfu ya miaka, na makadirio yaliyo bora huuweka katika kiasi cha tani bilioni moja kwa mwaka, au chini yake. Leo nishati ya mawe, mafuta na gesi hutoa kiasi cha tani bilioni 10 za ukaa kila mwaka. Haraka hiyo ina maana yake katika maji. Bahari inayo dawa yake ya asili, kwa kuwa chokaa ya sakafuni huyeyuka ikaupunguza ukali. Lakini maji ya juu huchukua muda upatao miaka elfu kuchanganyika na maji ya chini, na dawa haimfikii mgonjwa kwa wakati. Hivyo basi uchachu wa leo huwapata kwanza viumbe wa maji ya juu, ndimo yalimo matumbawe na samaki wa watu.

Zipo faraja zinazoletwa mahali hapa, na moja yake ina nguvu. Husemwa kwamba dunia ilipona. Uhai haukukatika, bali katika joto lile ndipo nyani wa kweli wa kwanza, na jamaa za kale za farasi na za ng'ombe, walipotokea katika nchi za kaskazini. Kwa hiyo binadamu anayeulaumu ukaa wa kale aulaumu mlango alioingilia mwenyewe. Hata silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani amekwisha pamoja na dinosauri mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, ukoo wake ulipita katika joto hilo. Na mwaka 2003 wavuvi walimnasa mmoja karibu na Songo Mnara, katika bahari ile ile ya Kilwa.

Faraja hii yapasa ipimwe kwa muda wake. Dunia ilirudi katika hali yake baada ya miaka 170,000 au zaidi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao mgeni huuona mkongwe kupita kiasi, una miaka ipatayo 900. Kupona kwa bahari kulichukua umri wa msikiti huo karibu mara mia mbili. Mganga akimwambia mama wa mtoto mgonjwa kwamba ukoo wake utapona baada ya vizazi elfu kadhaa, hajasema uongo, lakini hapana mama atakayemlipa. Na kuna kasoro nyingine, iliyo kubwa zaidi. Faida ya joto lile ilimfikia mwingine, na hasara ikamwangukia mwingine. Foraminifera wa sakafuni hawakufa ili nyani apate kuwa. Kuhesabu vifo vya hawa kuwa bei ya uzima wa wale ni kufanya biashara kwa mali ya mtu asiyeulizwa, na ndiyo biashara inayokaribia kufanywa leo kwa mvuvi wa Mafia, ambaye mwaka 1998 aliona matumbawe ya bahari yake yakigeuka meupe na mengi yakifa kwa joto la maji.

Lakini hukumu isitolewe kwa haraka, maana hapa ndipo suala linapokuwa zito. Neno "binadamu" ni pana mno kwa kesi hii. Mchukue fundi chuma wa Gerezani, mmoja wa wale ambao nyundo zao husikika kabla ya jua kupanda, afanyaye majiko, masanduku na karai kwa mabati yaliyotupwa na wengine. Chakula chake cha mchana kimepikwa kwa mkaa. Umeme wa mashine yake ya kuchomelea sehemu yake hutoka katika gesi. Mzee wa baraza akimwambia, "Mwanangu, moshi huu waharibu bahari," kijana ana haki ya kujibu, "Shikamoo, mzee wangu, nionyeshe kwanza aliyeuwasha moto mkubwa, kisha nitauzima wangu." Mtanzania mmoja, kwa wastani, hutoa chini ya nusu ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe; Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 10. Kuwaweka wawili hawa katika kizimba kimoja na kuwasomea shitaka moja ni kuidhulumu haki kwa jina la haki.

Wala haifai kumwambia fundi huyo kwamba bahari haimhusu. Mkono wa bahari unaoingia karibu na bandari wachukua jina la mtaa wake, na dagaa na changu za kitoweo chake hupita soko la Feri. Yeye ni mdaiwa mdogo na mdai mkubwa kwa wakati mmoja, na udhuru wa joto la kale humwibia pande zote mbili: humwambia kwamba hana la kutenda, na humwambia pia kwamba hana wa kumdai.

Pwani ya Kilwa yenyewe imelifunga fundo hili kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angaliona haya kuibuni. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imeletwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Udongo wenye ushahidi wa bahari iliyochacha ulitoka katika pwani hiyo hiyo, na shirika la umma lililosaidia kuutoa ndilo lililopewa kazi ya kutafuta mafuta na gesi ya nchi. Mkono mmoja ulipokea taa, na mkono huo huo ukapokea onyo. Wako watakaosema kwamba nchi maskini ikishalisoma onyo yapasa iizime taa. Neno hilo ni gumu kusemwa na mtu aketiye katika nyumba yenye nuru. Mji ambao watu wake hupikia mkaa, wakakata misitu ya Pwani na Morogoro kuupata, hauwezi kuambiwa kwamba gesi ni haramu kwake huku ikiwa halali London kwa miaka mingi. Hata hivyo ruhusa ya kuwasha taa haifuti wajibu wa kuhesabu mafuta yake. Serikali ya Tanzania ilipoagiza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa, hata magereza na shule zikaingia katika amri hiyo, wengi waliiona ni kazi ya kuokoa misitu na mapafu ya wapishi. Walikuwa sahihi, bahari nayo ilipata fungu lake bila kutajwa.

Lawama basi hugawanyika kwa kadiri ya uwezo wa kuchagua. Kipimo hiki chaonekana katika jiko moja. Gerezani na jirani zake huuzwa jiko la bati tupu, na huuzwa jiko lililotiwa udongo ndani, ambalo hutunza moto na kula mkaa mchache zaidi. La pili ni ghali kuliko la kwanza. Mama lishe ajuaye hesabu anaelewa kwamba jiko la udongo litamrudishia fedha yake baada ya majuma kadhaa, lakini fedha hiyo hanayo leo, na wateja wake wana njaa leo. Akichukua la bati, hapana haki ya kumwita mharibifu wa bahari. Yule ambaye angaliweza kulipa tofauti ya bei mara elfu asiihisi mfukoni, akakataa kwa hoja kwamba dunia ilipata kuwa na joto miaka milioni 56 iliyopita, huyo jina hilo lamfaa.

Mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Sharm el-Sheikh nchini Misri, ilikubaliwa uanzishwe mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabia ya nchi, na mwaka uliofuata huko Dubai baadhi ya mataifa yaliahidi kutia fedha. Mataifa tajiri yalichunga sana maneno, yasije yakasomwa kuwa yamekiri deni. Yaliyotolewa yaliitwa msaada. Fundi wa Gerezani ana daftari lake la mauzo ya mkopo, lenye mafuta ya mikono katika kila ukurasa. Mteja akija na fedha, fundi hutazama kwanza kama jina lake limo ndani. Likiwamo, hupokea, hukata mstari juu ya kiasi kilicholipwa, na huacha wazi kilichobaki.